Mashine ya Boti ya Zamani Ikikataa Kuwaka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kasoro

Swali hili linarudi kila mara kwa sura ileile. Mtu ana mashine ya zamani ya kufungwa nyuma ya boti. Ameosha kabureta mara tatu, amenunua plagi mpya, amebadilisha petroli, na bado asubuhi anavuta kamba mpaka bega linamuuma. Ikishawaka inakwenda vizuri tu. Kesho yake ni vita upya.

Mara nyingi tatizo si ufundi wa mikono, ni mpangilio. Watu wanaanzia kwenye kabureta kwa sababu ndiyo wanayoiona, kisha wanagusa vitu vitano kwa siku moja. Mashine ikipona hawajui kilichoiponya, na isipopona hawajui walichoharibu. Mwongozo huu una mpangilio mmoja: kwanza pumzi ya silinda (kompresheni, yaani jinsi inavyobana hewa), pili moto wa plagi (cheche), tatu mafuta. Kila hatua ina kipimo chake, na usiruke kwenda inayofuata kabla hii haijatoa jibu.

Nimeandika zaidi kwa ajili ya mashine za kamba zinazochanganya oili na petroli, yaani tustroki zenye kabureta. Mengi yanafaa pia kwa zenye starta ya betri, na pale zinapotofautiana nimesema.

Vifaa vya kuwa navyo kabla hujafungua kifuniko

- Spana ya plagi, spana za kawaida, bisibisi bapa na ya msalaba, koleo
- Plagi mpya za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, si "zinazofanana"
- Geji ya kompresheni
- Kipima cheche chenye mwanya unaorekebishika
- Fila geji ya kupimia mwanya wa plagi na wa pointi (vigusi vya chuma vinavyokata umeme ili cheche iruke, kwenye mashine za zamani)
- Mita ya umeme, ikiwa mashine ina betri
- Dawa ya kuoshea kabureta, na hewa ya kupuliza
- Mtungi wa kioo wenye mfuniko
- Chupa ndogo ya kunyunyizia, isiyoliwa na petroli
- Kipande cha mpira laini unaoonyesha ndani, wa upana sawa na mpira wa mafuta
- Oringi na gasketi za kabureta za modeli yako
- Petroli mpya na oili ya tustroki ya mashine za majini
- Pipa la maji, miwani ya kazi, glavu, na kizima moto cha petroli
- Daftari na kalamu

Daftari si mapambo. Kila skrubu utakayogeuza, kila namba utakayoisoma kwenye geji, iandike.

Tahadhari ambazo hazina mjadala

Fanya kazi mahali pa wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini na kutuama kwenye mabonde ya boti, na cheche moja inatosha. Moshi wa mashine nao una gesi yenye sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usiiwashe ndani ya banda lililofungwa.

Usiwashe mashine bila maji, hata "kwa sekunde chache tu". Impela ya pampu ya maji ni ya mpira na maji ndiyo yanayoilainisha. Ikizunguka kavu inaungua na kukatika mabawa. Zamisha mguu wa mashine kwenye pipa hadi maji yapite juu ya bamba lililo juu ya propela.

Weka gia katikati wakati wote, na kamba ya kuzimia uivae mkononi.

Na kitu kimoja zaidi: usitumie dawa ya etha ya kuwashia injini. Kwenye tustroki oili inaingia pamoja na petroli. Etha inaingia peke yake na kuosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha pistoni inasaga kavu. Nitaonyesha njia salama kwenye Hatua ya 5.

Hatua ya 1: Andika jinsi inavyokataa

"Haiwaki vizuri" haimwambii fundi kitu. Kaa dakika kumi ujiulize maswali haya. Inakataa ikiwa baridi tu, ikiwa ya moto tu, au nyakati zote? Ikiwaka inahitaji choki (kibati kinachobana hewa ya kabureta) muda gani kabla ya kutulia? Inakufa usipoendelea kubonyeza pampu ya mkono (lile tufe kwenye mpira wa mafuta)? Unasikia harufu kali ya petroli ukivuta, au hakuna harufu kabisa?

Majibu yana maana. Mashine inayotembea kwa choki tu inakosa petroli, na mara nyingi kinjia chake cha mwendo wa chini kimeziba. Inayokufa ukiacha kubonyeza pampu ina kasoro kwenye mpira wa mafuta, kwenye tangi au kwenye pampu ya mafuta ya mashine yenyewe. Inayokataa ikiwa ya moto tu ina hadithi yake, nitaifikia chini. Na ile isiyotoa harufu ya petroli baada ya kuvutwa mara kumi na choki imefungwa, petroli haifiki.

Umefaulu hatua hii ukiwa na sentensi moja kwenye daftari inayoeleza ugonjwa bila neno "labda".

Hatua ya 2: Mambo madogo yanayodanganya wakubwa

Hatua hii ni fupi, lakini imewaokoa wengi gharama. Hakikisha klipu ya kamba ya kuzimia imekaa mahali pake. Fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, kwani tangi lisilovuta hewa linajifinya na petroli inagoma kutoka. Angalia mshale kwenye pampu ya mkono: lazima uelekee kwenye mashine. Bonyeza mpaka iwe ngumu.

Kisha jiulize kama unaiwasha inavyotaka. Mashine baridi: choki imefungwa kabisa, mkono wa mafuta (wa kuongeza mwendo) kwenye alama ya kuwashia, vuta. Ikikohoa mara moja, legeza choki nusu na uvute tena. Wengi wanaendelea kuvuta na choki imefungwa baada ya ule mkohozo wa kwanza, na hapo ndipo mashine inapopaliwa na petroli. Mashine ya moto haihitaji choki.

Ikiwa imepaliwa tayari, toa plagi, zikaushe, chomoa mpira wa mafuta, fungua choki, ongeza mkono wa mafuta hadi unapofika, na uvute kamba mara nane hadi kumi ili silinda zitapike. Kofia za plagi zigusishe chuma cha injini kupitia kipima cheche au plagi za zamani, mbali na matundu. Sababu ni mbili: ukungu wa petroli unaotoka tunduni unaweza kushika moto, na koili za kielektroniki (zinazotoa umeme wa plagi) zinaweza kuharibika zikilazimishwa kutoa umeme usio na pa kwenda.

Hatua ya 3: Soma plagi kabla ya kuitupa

Vuta kamba mara sita kama unavyowasha kila siku, kisha toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake.

Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika, kwa hiyo shaka yako iende kwenye moto, au mafuta yamezidi. Plagi kavu kabisa baada ya kuvuta na choki inasema petroli haijafika. Plagi moja ikiwa imelowa na mwenzake kavu, usiguse tangi wala pampu ya mkono: kasoro iko kwenye silinda ile, au kwenye kabureta yake ikiwa kila silinda ina yake. Matone ya maji kwenye ncha ni habari mbaya zaidi, kwa kuwa yanaweza kutoka kwenye gasketi ya kichwa cha silinda.

Mwanya upime kwa fila geji. Mashine nyingi za zamani zinataka kati ya milimita 0.7 na 1.0, na kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Plagi mpya nayo uipime. Ikianguka sakafuni mwanya unafunga bila wewe kujua.

Hatua ya 4: Pima pumzi ya silinda

Kwa nini mapema hivi? Kwa sababu silinda isiyobana haitaponywa na kabureta yoyote duniani. Ni afadhali ujue leo kuliko baada ya kununua spea za bure.

Toa plagi zote, kofia zake zigusishe chuma kama tulivyosema, ongeza mkono wa mafuta ili hewa iingie bila kizuizi, funga geji, na uvute kamba kwa nguvu mpaka mshale uache kupanda. Rudia kwa kila silinda kwa idadi ileile ya mivuto.

Mashine nyingi za zamani zenye afya zinasoma psi 90 (kipimo cha mgandamizo kwenye geji) na kuendelea. Lakini namba yenyewe hutegemea geji, modeli na nguvu ya mkono wako. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda, na isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda moja ikiwa chini sana, tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, vuta mara mbili, upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka au zimeganda kwa kaboni. Isipopanda, tazama gasketi ya kichwa, au pistoni yenyewe.

Umefaulu ukiona silinda zinakaribiana. Hapo unaweza kuifunga geji na kuisahau.

Hatua ya 5: Moto wa plagi, na jaribio la kunyunyiza

Watu wengi hushika plagi kwenye chuma, wakaona kacheche, wakasema "moto upo". Cheche inayoruka mwanya wa milimita moja kwenye hewa ya wazi haina kazi ngumu. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na kuruka humo kunahitaji nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana unahitaji kipima chenye mwanya mpana. Kwa mashine za pointi, weka milimita 6 hivi, na kwa nyingi za kielektroniki karibu milimita 10. Vuta kamba kwa kasi. Unatafuta cheche ya buluu inayolia "ta!", kwa silinda zote, kila mvuto. Cheche ya njano, nyembamba, au inayokuja na kupotea ni kasoro hata kama mashine hatimaye huwaka.

Moto ukiwa dhaifu, fuata mpangilio huu.

Anza na swichi ya kuzimia. Hukaa mahali panaporukiwa na maji ya chumvi, na ikila kutu ndani inaweza kupeleka umeme kwenye chuma kidogo kidogo, hivyo mashine inakuwa kama imezimwa nusu. Chomoa waya wake na ujaribu moto tena. Ukirudi wenye nguvu, umempata mwizi. Onyo: waya huo ukiwa nje, mashine ikiwaka hutaweza kuizima kwa swichi. Izime kwa kufunga choki au kuchomoa mafuta, kisha waya urudishe kabla ya kwenda majini.

Pili, waya wa plagi. Ncha iliyo ndani ya kofia huoza na kuwa ya kijani. Kata milimita tano, ingiza kofia upya. Usiku au gizani, vuta kamba na utazame urefu wote wa waya na mwili wa koili: cheche ndogo zinazorukaruka pembeni zinaonyesha mahali umeme unapotoroka. Koili za mashine za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi hupasuka ganda kwa uzee tu, na ufa unaouona kwa macho unatosha kuihukumu.

Tatu, pointi, kama mashine yako ni ya aina hiyo. Ziko chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na shafti ya injini. Nyingi zina dirisha dogo la kuzifikia, nyingine zinataka flaiwili ing'olewe kwa kivutio chake, si kwa nyundo. Hata mashine iliyokaa bila kazi miezi michache hupata utando kwenye nyuso za pointi usioonekana. Pitisha msasa laini kabisa, kisha karatasi safi yenye spiriti, na uvute mpaka karatasi itoke nyeupe. Mwanya kwa nyingi ni kama milimita 0.5. Hakikisha kwenye kitabu.

Kwa mashine za starta: betri ikichoka, mashine huzunguka lakini haitoi moto. Mifumo mingi ya kielektroniki ya zamani inataka mzunguko wa kama 300 kwa dakika ndipo itoe cheche. Ndiyo sababu unaweza kuona moto mzuri plagi zikiwa nje, kisha ukapotea ukizirudisha, maana sasa injini inazunguka pole. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, na wakati starta inazungusha isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, safisha teminali kwanza, kisha ndiyo uilaumu betri.

Moto ukishathibitika, fanya jaribio linalogawa kazi nzima vipande viwili. Changanya petroli mpya na oili kwa kipimo cha mashine yako, utie kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia. Nyunyiza mara mbili au tatu kwenye mdomo wa kabureta, weka chupa mbali na uifunge, geuza uso pembeni, kisha vuta. Kabureta inaweza kutema moto, kwa hiyo usichungulie.

Ikishika kwa sekunde chache na kufa, furahi. Pumzi ipo, moto upo, na unaruka kwa wakati wake. Kasoro yako ni safari ya petroli kutoka tangini hadi hapo, na ndiyo kazi ya hatua tatu zinazofuata. Ikikataa kabisa, au ikirudisha kamba nyuma kwa kishindo, nenda kwenye sehemu ya "Ikigoma bado".

Hatua ya 6: Petroli yenyewe, na hewa inayoiba njia

Mimina petroli ya tangini kwenye mtungi wa kioo, uache utulie robo saa. Maji yatajikusanya chini kama lulu au kama tabaka. Petroli ya zamani ina rangi iliyokoza na harufu chachu ya vanishi. Petroli yenye ethanoli huvuta unyevu, na ikishazidiwa hujitenga, maji na ethanoli vikazama hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Usiihurumie. Itoe yote na uipeleke panapopokewa mafuta machafu.

Kipimo cha oili nacho kisibahatishwe. Mashine nyingi za tustroki za karne iliyopita zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Za zamani zaidi hutaka mara mbili ya hapo, mililita 40 kwa lita. Oili ikizidi sana plagi zinachafuka na kuwasha kunakuwa kugumu. Ikipungua, unaua injini.

Sasa nije kwenye jambo linalowashinda wengi kuliko yote. Kati ya tangi na pampu ya mafuta, petroli haisukumwi, inanyonywa. Kwa hiyo ufa mdogo kwenye njia hiyo hauvujishi petroli nje, unaingiza hewa ndani. Hutaona tone. Hutasikia harufu. Utaona tu mashine inayotaka kuvutwa mara thelathini.

Niliwahi kupoteza siku mbili nzima kwa hili. Kabureta ilikuwa safi kama sahani, pampu ya mafuta ilikuwa mpya, na mashine ilikuwa ikiwaka kwa dakika moja kisha inasinzia na kufa. Nikachomoa kiungo cha mpira wa mafuta upande wa mashine, nikalamba kidole, nikakipitisha ndani ya tundu. Ile oringi ndogo mle ndani, isiyozidi upana wa punje ya dengu, ilikuwa ngumu kama plastiki, na upande mmoja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikaitoa kwa sindano, nikaweka mpya, nikaipaka oili kidogo. Mvuto wa pili ikashika. Tangu siku hiyo naanzia hapo.

Namna ya kuithibitisha bila kubahatisha: unganisha kile kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya kiungo cha mashine na pampu ya mafuta. Bonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yote yatoke, kisha washa mashine kwenye pipa. Mkondo uwe mfululizo. Povu moja moja mwanzoni si neno. Mapovu yanayokuja kama mnyororo ni hewa inayoingia mahali. Pita na vibano, oringi za viungo vyote viwili, pampu ya mkono, na bomba la ndani ya tangi, ukibadilisha kimoja kwa wakati na kutazama tena.

Pampu ya mkono ina mtego wake. Kabla ya kuwasha lazima iwe ngumu. Mashine ikiwa inatembea, kulainika kwake ni kawaida, usiogope. Lakini ikijifinya na kubaki imebonyea, mbele yake kuelekea tangini kuna kizuizi: tundu la hewa limefungwa, chujio la tangi limeziba, au mpira umebomoka utando wa ndani. Na isipowahi kuwa ngumu hata ubonyeze mara arobaini, ama vali zake zimekufa, ama petroli inapita na kumwagika ndani ya kabureta kwa sababu sindano ya boya (inayofunga petroli kikombe cha kabureta kikijaa) haifungi.

Umefaulu pampu ikikaza kwa mibonyezo kumi hivi na mkondo ukiwa safi bila mapovu.

Hatua ya 7: Pampu ya mafuta

Hapa hatukai sana. Pampu ya mashine hizi haina mota: ina kiwambo chembamba kinachotikiswa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini. Ifungue, kiinue kiwambo kwenye mwanga, ukikunje kwa vidole. Tundu dogo kama la sindano linatosha. Tena lina madhara mawili: petroli haipandi ya kutosha, na wakati huohuo inanyonywa kupitia tundu la mapigo hadi ndani ya silinda, ikailowesha plagi ile moja kila siku. Ukiona plagi moja haikauki na kabureta haina kosa, mshuku kiwambo. Kibadilishe pamoja na gasketi zake, na usipake gundi.

Hatua ya 8: Kabureta, sasa ndiyo

Piga picha kabla hujagusa chochote: viungo, springi, mahali kila mpira ulipochomekwa. Funga njia ya mafuta, toa kabureta, kisha fungua kikombe chake juu ya mtungi wa kioo. Utakachokiona mle kinakuambia historia: mchanga wa kutu, maji, utando wa kahawia unaonata.

Skrubu ya mwendo wa chini, kabla ya kuitoa, igeuze ndani taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko. Andika. Ikazie kwa nguvu na utatoboa kiti chake, na kabureta hiyo haitatulia tena.

Toa jeti zote, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli. Ishike kila moja kwenye mwanga: unataka duara safi, si mwezi mchanga. Usizibue kwa waya wa chuma wala ncha ya pini. Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo kipimo cha mafuta kimeshabadilika. Unyuzi wa mshipi wa kuvulia samaki unafanya kazi vizuri, ukifuatiwa na dawa na hewa. Vaa miwani, maana dawa hurudi usoni kupitia tundu usilolitarajia.

Usiishie kwenye jeti kubwa. Jeti kubwa inahusika na mwendo wa kasi. Kuwaka asubuhi kunategemea vinjia vidogo vya mwendo wa chini, vile vitundu viwili vitatu vilivyo karibu na kibati kinachofunguliwa na mkono wa mafuta, vyembamba kiasi cha kusahaulika. Hapa ndipo "niliosha mara tatu" huanguka. Nyunyiza dawa kwenye njia ya skrubu ya mwendo wa chini na uangalie inatoka kila tundu, moja baada ya jingine. Lisilotoa limeziba. Loweka usiku kucha kama ni lazima, lakini vitu vya mpira na plastiki vitoe kwanza.

Boya litikise sikioni. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Mashine za zamani sana zina boya la koki (gamba jepesi la mti), na vanishi yake ikiisha hunyonya petroli, huwa zito, na halifungi sindano. Ncha ya sindano ikiwa na mfereji wa duara, badilisha. Kwa kabureta nyingi, ukiigeuza kichwa chini boya linatakiwa lilale sambamba na ukingo wa mwili wake.

Rudisha kila kitu kwa gasketi mpya. Skrubu ya mwendo wa chini iguse, kisha irudishe nje mzunguko mmoja na nusu, au idadi ya kitabu.

Kisha tazama choki. Vuta kitufe hadi mwisho na uchungulie mdomoni: kibati lazima kifunge kabisa. Kebo iliyolegea milimita chache inaacha mwanya, na mashine baridi inanyimwa ule utajiri wa petroli inaouhitaji kwa mvuto wa kwanza. Kasoro hii ya bure nimeiona kwenye mashine ambazo wenyewe walishakata tamaa nazo.

Marekebisho ya mwisho yafanye mashine ikiwa imepata joto pipani. Geuza skrubu ndani robo kwa robo, usubiri sekunde 10 hadi 15 kila mara, mpaka ianze kukohoa. Rudi nje mpaka itulie, kisha ongeza kidogo sana upande wa petroli nyingi. Mashine iliyorekebishwa nyembamba mno, yaani petroli kidogo mno, huunguruma vizuri ikiwa ya moto na kukataa asubuhi.

Ikikataa ikiwa ya moto tu

Umetoka mbio ndefu, umezima dakika kumi, haiwaki tena. Pima moto hapohapo, kabla haijapoa, kwani koili iliyochoka hufa kwa joto na kufufuka ikipoa, na ukisubiri hutaipata. Moto ukiwepo na plagi zimelowa, sindano ya boya inavuja na petroli inajaa wakati mashine imesimama. Iwashe mkono wa mafuta ukiwa juu kidogo, bila choki, kisha urudi Hatua ya 8.

Ikigoma bado

Pumzi ipo, moto ni wa buluu, umenyunyiza petroli na haishiki. Mshuku kii ya flaiwili, kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye shafti. Kikikatwa nusu, moto unaruka kwa wakati usio wake, na dalili yake ni kamba kukurudisha kwa nguvu au kabureta kupiga chafya. Kinachofuata ni vali za majani nyuma ya kabureta, vibati vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia tu bila kurudi: zikiwa zimeinuka au kukatika, petroli inatemwa kurudi nje ya mdomo, na unaiona kama ukungu. Mwisho ni sili za shafti, na hizo ni kazi ya kufungua injini yote. Hapo mpe fundi mwenye vifaa, na umpe daftari lako. Atakushukuru kwa namba za kompresheni pekee.

Jaribio la mwisho

Usitangaze ushindi mashine ikiwa ya moto. Izime, iache ilale usiku mzima. Asubuhi fungua tundu la hewa, bonyeza pampu hadi iwe ngumu, funga choki, vuta. Mashine ya zamani iliyo sawa hukohoa mvuto wa kwanza au wa pili, ukalegeza choki, ikashika wa tatu au wa nne, na ndani ya dakika mbili inaunguruma bila choki. Rudia asubuhi mbili zaidi. Ikishika zote tatu, irudishe kwenye boti.